Mgeni Mdogo na Chakula cha Milimani

Mazungumzo yetu ya leo yahusu jambo ambalo huenda wengine wakaliona dogo: chakula cha jioni ambacho jamaa ya Zirai huandaa siku mjukuu mdogo ajapo kutoka mjini kuwatembelea. Watu wakisikia neno historia hudhani ni vita, wafalme na mikataba. Lakini sehemu kubwa ya historia ya milima ya Usambara imo chunguni, na mwenye kuifahamu atajua vizuri zaidi namna ya kumlisha mgeni huyo.

Waswahili husema, "Mgeni njoo, mwenyeji apone." Washambaa wana habari ya kale iliyo kama tafsiri ya methali hiyo, nayo ni habari ya Mbegha. Abdallah bin Hemedi 'lAjjemy aliiandika kwa Kiswahili katika kitabu chake Habari za Wakilindi, na wazee wa milimani wamekuwa wakiisimulia kwa njia zao. Husemwa kwamba Mbegha alizaliwa Nguu, na meno yake ya juu yakatangulia kuota. Mtoto wa namna hiyo aliitwa kigego, na watu wa zamani waliamini kuwa huwaletea ndugu zake msiba. Alipokuwa mtu mzima jamaa zake walimnyima urithi, akaondoka na mbwa wake na mikuki yake, akaishi porini akiwinda nguruwe.

Hata alipofika katika milima yetu, aliwakuta watu wenye mashamba mazuri lakini wenye kusumbuliwa na nguruwe. Akawaua nguruwe wale, akawagawia wenyeji nyama. Nao wakamletea chakula cha shamba, maana mwindaji hana jembe. Sifa zake zikaenea kijiji kwa kijiji, hata mwisho akatawazwa Vuga, na wazao wake, Wakilindi, wakaitawala nchi. Wanahistoria huuweka mwanzo wa ufalme huo katika karne ya 18. Masimulizi ya kale yana mapambo yake, nasi hatudai kuwa kila neno lilitukia hivyo. Lakini angalieni Washambaa walichochagua kukikumbuka: ufalme wao ulianza kwa watu kupeana chakula, na mgeni aliyewafaa alikuwa mtoto ambaye kwao walimwona mkosi.

Sasa na tutazame vyakula vyenyewe. Ndizi, ambazo kwa muda mrefu zilikuwa chakula kikuu cha Washambaa, asili yake ni Asia ya kusini-mashariki. Ni mgeni aliyevuka Bahari ya Hindi zamani sana, akapanda milima, akakubaliwa hata watu wakasahau kuwa aliwahi kuwa mgeni. Magimbi nayo yalitoka pande hizo za Asia. Mahindi, muhogo, maharage na viazi vitamu asili yake ni Amerika. Vilianza kufika pwani yetu katika karne zilizofuata safari ya Vasco da Gama ya mwaka 1498, kisha vikapanda bara kwa mikono ya wafanya biashara na wakulima. Viazi Ulaya, ambavyo Lushoto yasifika kwavyo, vililetwa milimani na Wazungu mwishoni mwa karne ya 19. Jina lake lataka kutudanganya, kwa kuwa Wazungu wenyewe walivipata katika milima ya Andes ya Amerika ya Kusini. Wazungu hao walileta pia mapeasi na maplamu, yaliyopendezwa na baridi ya huku.

Muhogo wastahili maneno zaidi. Mwaka 1902 Wajerumani walianzisha kituo cha utafiti wa mimea huko Amani, upande wa mashariki wa milima yetu. Baada ya Vita Kuu ya Kwanza kituo kikawa mikononi mwa Waingereza, na katika miaka ya 1930 wataalamu wake wakashika kazi ya kuutibu muhogo, maana ulikuwa umepatwa na ugonjwa wa batobato unaokunja majani na kupunguza mizizi. Waliuzalisha pamoja na jamaa zake wa mwituni, kizazi baada ya kizazi, mpaka ikapatikana mihogo yenye kustahimili. Mbegu zilizotokana na kazi hiyo zilipelekwa hata Nigeria, nako zikawa asili ya aina nyingi nzuri. Hivyo mgeni kutoka Amerika aliugua kwetu, akatibiwa kwetu, kisha akatoka milimani kwenda kuwalisha watu wa nchi nyingine.

Kutokana na hayo twapata neno letu kuu la leo. Chakula tukiitacho cha asili, karibu chote kilikuja kikiwa kigeni, na hakikuingia nyumbani kwa amri. Kiliingia kwa sababu mama au bibi fulani, asiyeandikwa katika kitabu chochote, alikipika kidogo, akakiweka kando ya kile kilichozoewa, akamwonjesha mtoto. Mtoto alipokipenda, kikawa cha nyumba. Na kizazi kilichofuata kikakiita cha mababu.

Jambo hili halikuwa mchezo. Mzee Kimweri ye Nyumbai, ambaye Johann Ludwig Krapf alimtembelea Vuga mwaka 1848, alipofariki karibu na mwaka 1862, wazao wake waligombana, na vita vikaiharibu nchi. Mashamba yaliachwa, na watu wengi, pamoja na watoto, wakakamatwa na kuuzwa pwani. Mwishoni mwa miaka ya 1890 ikaja tena njaa kubwa pamoja na ukame na nzige. Mwaka 1896 kule Lutindi ilifunguliwa nyumba ya kuwapokea watoto waliookolewa katika utumwa. Tufikiri hali yao: mtoto asiyekuwa na mama wala baba, ameketi mbele ya chakula asichokijua, kwa watu asiowajua. Kwake bakuli moja la chakula lilikuwa ndiyo habari ya kwanza kwamba yuko salama.

Tena kuna adui aliye kimya kuliko vita. Katika miaka ya 1930 daktari mmoja mwanamke, Cicely Williams, alipokuwa akifanya kazi Gold Coast, nchi ambayo sasa huitwa Ghana, aliona watoto waliovimba miguu, nywele zao zimebadilika rangi, nao hawana furaha. Akawauliza akina mama, nao wakamtajia jina la Kiga, kwashiorkor, yaani ugonjwa unaompata mtoto aliyeachishwa ziwa kwa kuwa mdogo wake amezaliwa. Watoto wale walishiba uji wa mahindi kila siku. Tumbo lilijaa, lakini mwili haukupata vya kuujenga. Basi tusipime malezi kwa ukubwa wa tonge. Mtoto ataka ndizi au ugali wa kumpa nguvu, ataka pia maharage, maziwa, yai, samaki au nyama ya kumjenga, na mboga na matunda ya kumlinda.

Desturi yetu ya kula pamoja katika sahani moja ni nzuri, kwa kuwa hufundisha adabu na udugu. Lakini ina hatari moja ambayo yafaa tuitaje bila kuona haya. Mkono wa mkubwa ni mwepesi, na kitoweo ni kichache. Mtoto wa miaka mitatu huishia kula ugali na mchuzi. Kwa hiyo mgeni mdogo apewe bakuli lake mwenyewe, na kitoweo chake kitengwe mapema, kisha aketi papo hapo pamoja na wenzake. Hivyo adabu itabaki, na haki yake itabaki.

Sasa tuseme mjukuu wa miaka minne anakuja Zirai kutoka Tanga au Dar es Salaam. Bibi aanze wapi? Kwanza, amwulize mama yake kabla ya siku ile: mtoto hula nini kwao, na kuna chakula gani kinachomdhuru? Wako watoto ambao karanga, maziwa au yai huwawasha mwili au kuwazibia pumzi, na jambo hilo si deko. Pili, chakula kiwe tayari mapema, jua lingali juu ya kilima, kwa kuwa mtoto aliyechoka na safari na baridi hana hamu ya kula. Atalia tu, nasi tutasema kuwa ni mkaidi.

Tatu, apangiwe chakula kwa hesabu hii nyepesi: kimoja anachokijua, kimoja kigeni, na kimoja kitamu cha kufunga. Ikiwa kwao hula wali, apikiwe wali kidogo na maharage yaliyoiva sana. Kando yake ziwekwe ndizi za kupika, laini, vipande viwili tu, pamoja na mchicha uliokatwa mdogo na kuungwa kwa karanga zilizotwangwa, ikiwa karanga hazimdhuru. Mwisho apate kipande cha parachichi au papai, au boga lililochemshwa. Iliki na mdalasini vinavyoota katika milima ya mashariki vyaweza kutiwa katika maziwa ya moto, nayo yakaachwa yapoe. Hayo yamfaa kuliko chai kali, kwa sababu chai inyweshwayo pamoja na chakula huuzuia mwili kupata madini ya chuma yaliyomo katika maharage na mboga.

Nne, apewe kazi. Mtoto aliyechambua maharage pamoja na babu, akaosha mboga, akamenya ndizi iliyopoa, atataka kuonja kazi ya mikono yake. Asikaribishwe motoni wala kwenye kisu, lakini asifukuzwe jikoni.

Tano, asilazimishwe. Wataalamu wa siku hizi wameona kwamba mtoto mara nyingi hukikataa chakula kigeni mara nane au kumi kabla ya kukikubali. Aliyekataa magimbi leo hakuwadharau wazee wake. Ulimi wake bado unabisha hodi. Awekewe tena kesho, kipande kidogo, bila ugomvi na bila kumpa hongo ya peremende. Shangazi na wajomba wale mbele yake kwa furaha, maana mtoto huiga kinywa akionacho kuliko neno alisikialo.

Tusisahau na usalama wake. Karanga nzima na vipande vigumu vya nyama vyaweza kumkaba mtoto mdogo; vitwangwe au vikatwe. Miiba ya samaki itolewe. Pilipili ikae katika kibakuli cha wakubwa. Muhogo mchungu asipewe kabisa mpaka uwe umetengenezwa kama ijuavyo kila nyumba, kwa kuwa una sumu, na mwili mdogo huushinda upesi. Na mikono ioshwe kwa maji na sabuni, ya mpishi kabla ya ile ya mgeni.

Baada ya hapo lipo jambo la sita, nalo halina gharama. Mtoto asimuliwe chakula chake. Aambiwe kwamba ndizi hii ilivuka bahari, na hindi hili pia, na muhogo uliugua ukaponea Amani. Kwamba alikuwako mwindaji aliyefukuzwa kwao, akaja milimani na nyama, akapewa chakula, akawa mfalme. Wengi wa wajukuu wetu sasa huzaliwa mijini, na wengine hawasikii Kishambaa sawasawa. Mtoto asiyekipenda chakula cha nyumba ya babu yake, hivi karibuni hatataka safari ya kwenda huko. Na asipokwenda, habari zile hazitakuwa na wa kuzirithi. Lakini ladha aliyoipata utotoni hukaa. Miaka mingi baadaye harufu ya ndizi jikoni humrudisha mtu kwao hata akiwa mbali.

Basi, ndugu zetu wa Zirai na wa vijiji vyote vya milimani, msiogope kwamba hamna vya dukani vya kumpendeza mgeni. Mnavyo vingi. Vipikeni laini, vipangeni kidogo kidogo, na muwe na subira. Mababu walimkaribisha mgeni wasiyemjua kwa chakula cha shamba, wakapata faida. Je, huyu ambaye ni damu yetu? Nanyi wanafunzi mnaosoma, ulizeni bibi zenu leo usiku: katika vyakula tulavyo, ni kipi ambacho wao walikikuta, na ni kipi ambacho walikiona kikija? Andikeni majibu yao daftarini. Hiyo nayo ni historia ya nchi yetu, na wenye kuijua wako karibu nanyi, wangali hai.