Nguo ya Kuazima: Mavazi na Mashindano katika Ngoma ya Beni

Methali isemayo kwamba nguo ya kuazima haisitiri maungo humwonya mtu ajivuniaye kisicho chake. Hata hivyo, katika historia ya maonyesho ya Waswahili imo ngoma iliyoipa methali hiyo maana nyingine. Ngoma hiyo ni beni.

Beni ilizuka katika miaka ya 1890 huko Lamu na Mombasa, na jina lake latokana na neno bendi. Wachezaji walivaa sare za kijeshi, wakapiga tarumbeta, wakaenda kwa gwaride na kupeana vyeo vya kizungu. Uhai wake ulikuwa ushindani. Mitaa ya Lamu, iliyokuwa imeshindana tangu kale, sasa ilishindana kwa sare. Mombasa palikuwa na Kingi na Sikochi, jina hili la pili likitokana na Waskoti. Tanganyika palikuwa na Marini na Arinoti. Kushinda kulikuwa ni kumpita mpinzani kwa mavazi, kwa karamu na kwa nyimbo za mafumbo.

Wanawake hawakubaki watazamaji. Katika vyama vyao vya ngoma, Mombasa na Unguja, walitwaa vyeo na sare zilizokuwa za wanaume, tena wanaume watawala. Hata vyama vya taarabu vya wanawake wa Unguja viliazima majina ya jeshi la maji na la anga la Mwingereza.

Maniema haikuwa mbali na mkondo huo. Kiswahili kilikuwa kimekwisha kuota mizizi Nyangwe na Kasongo tangu zama za misafara ya Tippu Tip. Jeshi la Kongo ya Kibelgiji lilipoiteka Tabora mwezi Septemba 1916, askari na wapagazi wake waliingia katika nchi ambamo beni ilikuwa ikistawi. Baada ya vita, vijana wa Maniema waliajiriwa katika migodi ya Katanga, na huko Elisabethville ngoma hiyo ilijulikana kama mbeni.

Wapo waliodai kwamba beni ilikuwa uigaji mtupu wa mtumwa amwigaye bwana. Watawala wenyewe hawakuwa na hakika hiyo. Mwaka 1919 Waingereza waliichunguza beni ya Tanganyika, wakihofia kwamba ilificha njama. Mwaka 1935, wafanyakazi 6 walipouawa katika mgomo wa migodi ya shaba huko Luanshya, Rhodesia ya Kaskazini, tume ya uchunguzi iliuliza pia juu ya mbeni. Hofu hiyo ilikuwa na sababu. Chama cha ngoma kilikuwa na viongozi, kilichanga fedha, kiliwasaidia wagonjwa na kuwazika wafu. Kilithibitisha kwamba amri na nidhamu haviambatani na rangi ya ngozi, bali huvaliwa na kuvuliwa kama koti.

Fundisho hilo lilijirudia katika Kongo huru. Mwaka 1972 serikali ya Mobutu ilipiga marufuku suti na tai, ikaagiza abakosti. Vijana wa Kinshasa walijibu kwa Sape, mashindano ya umaridadi yaliyovumishwa na Papa Wemba, mzaliwa wa Lubefu katika Sankuru, jirani ya Maniema. Baadaye walitokea pia wanawake waliovaa suti, tai na kofia za kiume, wakashindana barabarani na wanaume bila kuomba radhi. Marufuku ile iliondolewa mwaka 1990, lakini mashindano hayakukoma.

Basi methali ile haikukosea. Nguo ya kuazima haisitiri, hufichua. Lakini katika beni aliyefichuliwa hakuwa mvaaji. Alikuwa ni yule mwenye nguo, ambaye watazamaji walitambua kwamba sehemu kubwa ya ukuu wake ilikuwa ni vifungo, mikanda na kofia.