Kutengwa kwa Wagonjwa kwa Lazima (Kenya)

Kutengwa kwa lazima ni hatua ya kisheria ya kumzuia mgonjwa mahali maalumu ili asiambukize wengine. Nchini Kenya msingi wake ni kifungu cha 27 cha Sheria ya Afya ya Umma, iliyorithiwa kutoka zama za ukoloni.

Kesi iliyokitikisa kifungu hicho ilianzia Kapsabet. Agosti 2010, wanaume wawili waliokatiza dawa za kifua kikuu walikamatwa, na mahakama ikaamuru wazuiliwe gerezani kwa miezi 8. Gereza si wodi: msongamano na hewa isiyozunguka ndivyo hasa vinavyoeneza kifua kikuu. Amri ya kuukinga umma iliwaweka hatarini mahabusu na askari jela. Wawili hao waliachiliwa baada ya siku 46.

Machi 2016, Jaji Mumbi Ngugi wa Mahakama Kuu aliamua kwamba kuwafunga wagonjwa gerezani kulikiuka Katiba. Hakuiondolea serikali mamlaka ya kutenga; aliitaka iandae sera inayolinda utu wa mgonjwa.

Mvutano kati ya kuukinga umma na kulinda utu wa mtu ulirudi na korona, safari hii kwa watu wote, si wagonjwa pekee. Kafyu ilianza Machi 27, 2020, kuanzia saa 1 jioni hadi saa 11 alfajiri, na siku ya kwanza tu polisi wakawashukia wananchi kwa marungu, wakiwemo abiria wa feri ya Likoni, Mombasa. Aprili, Mahakama Kuu iliihalalisha kafyu yenyewe, lakini ikaulaani ukatili wa polisi. Kafyu iliondolewa Oktoba 2021.