Jinsi hifadhidata inavyokamilisha miamala mingi kwa pamoja

Mteja anapolipa bili kupitia benki, malipo hayo huwa muamala: ama yatimie yote au yasiwepo kabisa. Hifadhidata, yaani programu inayotunza rekodi za benki, haithibitishi kwamba muamala umekamilika hadi uandikwe kwenye diski, ili hata umeme ukipotea, malipo yasipotee.

Usalama huo una gharama. Diski ya sumaku inayozunguka mara 7,200 kwa dakika huzunguka mara 120 pekee kwa sekunde. Iwapo kila muamala utaisubiri diski peke yake, ni vigumu idadi inayokamilika kwa sekunde kupita hapo.

Tatizo hili lilijitokeza katika MySQL 5.0, iliyotolewa mwaka wa 2005. Toleo hilo lilitaka madaftari mawili yalingane: la injini ya InnoDB inayohifadhi data, na lile linalotumiwa kunakili mabadiliko hadi seva nyingine. Ili mpangilio wa miamala usitofautiane, kufuli moja lilishikwa tangu muamala ulipotayarishwa hadi ulipokamilika. Miamala mingine ilipiga foleni, na diski ikaandika mmoja mmoja.

Suluhisho lilipatikana katika MariaDB 5.3 mwaka wa 2012, kisha MySQL 5.6 mwaka wa 2013. Muamala unaotangulia kufika huwa kiongozi, na inayofuata hujipanga nyuma yake. Kiongozi huandika rekodi za kundi zima kwa mpangilio wake, huzihifadhi kwenye diski kwa mkupuo mmoja, kisha huiarifu mingine kwamba kazi imekwisha. Diski inaposhughulikia kundi hilo, jingine hukusanyika. Hivyo, kadiri msongamano unavyozidi, ndivyo kila safari ya diski inavyobeba miamala mingi zaidi.

Kuna wasimamizi wa seva wanaopendelea njia ya mkato: kuagiza rekodi zihifadhiwe kwenye diski takribani mara moja tu kwa sekunde. Kasi huongezeka, lakini seva ikizimika ghafla, miamala ya sekunde hiyo yaweza kupotea ilhali wateja wamekwisha kuambiwa kwamba malipo yamepokewa.

Ukamilishaji wa pamoja hauondoi ulinzi huo. Kila muamala bado huisubiri diski. Tofauti ni kwamba hausubiri tena peke yake.