"Kurudi" katika mji usioujua: ndoa za Kolwezi na swali la mahali pa kuhamia

Juma lililopita, katika kipindi chetu cha asubuhi, bwana na bibi walituma ujumbe wa sauti kwenye simu ya redio. Nyumba yao imepigwa alama nyekundu ukutani, na kila mkaaji wa Kolwezi anajua maana yake: mgodi unakuja. Bwana anataka wahamie Lubumbashi. Bibi anataka Mwene-Ditu, kwa ndugu zake. Wakauliza: "Ninyi watu wa redio mnaotembea kila pahali, mji gani utatufaa sisi wawili?" Tulicheka kidogo ndani ya studio, kisha tukaona hatuna jibu, tukaweka muziki.

Nimekaa na swali hilo siku kadhaa. Wasikilizaji wapendwa, na ninyi hasa ndugu mliohamishwa ambao mnasoma haya kwenye simu mkiwa kwenye nyumba za kupanga, si swali jipya. Mji huu ulijengwa na watu wawili wawili, bwana na bibi, na zaidi ya mara moja waliulizwa waende wapi. Nataka kueleza jinsi ilivyokuwa, sehemu kutoka kwa yale niliyosoma, sehemu kutoka kwa yale niliyosikia nyumbani kwetu.

Wa kwanza hawakuchagua kitu. Union Minière du Haut-Katanga ilianzishwa mwaka 1906, na katika miaka yake ya mwanzo ilichukua wanaume peke yao. Walikuja kwa mkataba mfupi, wakaugua, wakafa wengi, na waliobaki wazima walitoroka au walirudi kwao muda ulipokwisha. Kufikia mwishoni mwa miaka ya 1920 kampuni ilibadili hesabu. Daktari Léopold Mottoulle alikuwa mmoja wa wakubwa walioongoza siasa hiyo mpya: mkataba wa miaka 3, na mfanyakazi aje na bibi yake. Bibi alipewa posho yake na watoto wao yao. Kijana ambaye hajaoa, kampuni iliweza kumkopesha mali ya kutoa kwa wakwe. Isidhaniwe kwamba ulikuwa wema. Mwanaume mwenye bibi na watoto kambini hatoroki usiku, na watoto wale wangekuwa wafanyakazi wa kesho bila gharama ya kwenda kuwatafuta mbali.

Reli ndiyo iliyowaleta. Mwaka 1928 njia ya kutoka Bukama ilifika Port-Francqui, ambayo leo ni Ilebo, ikipita katikati ya Kasai. Mwaka 1931 njia ya Tenke hadi Dilolo ilikamilika, ikaungana na ile ya Angola inayoshuka mpaka Lobito. Kolwezi iko juu ya njia hiyo, na mwaka 1937 mji wenyewe ulianza kupangwa kuwa makao ya migodi ya upande wa magharibi. Ukitazama ramani utaona kwamba ni treni iliyochagua mji, na watu walishuka mahali iliposimama.

Babu yangu alitoka upande wa Ngandajika. Alikuja katika miaka ya 1940 kufanya kazi Musonoi. Bibi yake, yaani nyanya yangu, alimfuata na sufuria moja na mkeka. Kila tulipomuuliza kwa nini walichagua Kolwezi, alikuwa anakasirika. Alisema yeye alichagua mwanaume, na Kolwezi aliikuta mbele ya treni. Jirani yake wa kulia alikuwa Mlunda, wa kushoto alitoka Rwanda, na yule wa nyuma Mbemba. Bomba la maji lilikuwa moja. Kiswahili walichojifunza pale hakikutoka kwa mwalimu, kilitoka kwenye foleni ya ndoo, na watoto wao wakakifanya lugha ya nyumbani. Mimi mwenyewe Kiluba cha Kasai nakisikia tu, kujibu sijui.

Baadaye watu wakaanza kuhesabiana. Katika uchaguzi wa Desemba 1957 mjini Elisabethville, mabwana-mitaa waliochaguliwa wote walikuwa watu waliohesabiwa kuwa wageni, wa Kasai na wa Kivu, na hakuna hata mmoja aliyehesabiwa mwana wa Katanga. Mwaka uliofuata chama cha CONAKAT kikazaliwa, na neno "mwenyeji" likapata makali ambayo halijayapoteza mpaka leo. Katanga ilijitenga tarehe 11 Julai 1960. Mwaka 1961 makumi ya maelfu ya Waluba wa Kasai walikimbilia kambi ya Umoja wa Mataifa huko Elisabethville, na wengi wakapelekwa Kasai. Kujitenga kuliishia hapa kwetu: askari wa Umoja wa Mataifa waliingia Kolwezi Januari 1963. Babu alibaki. Aliamini jambo hilo limekwisha.

Halikuwa limekwisha. Ninawaomba wale waliopitia mwaka 1993 wanisamehe nikikosea kitu, nilikuwa na miaka minne.

Tarehe 15 Agosti 1992, Mkutano Mkuu wa Taifa mjini Kinshasa ulimchagua Étienne Tshisekedi, mtu wa Kasai, kuwa waziri mkuu pahali pa Nguz Karl-i-Bond, mtu wa Shaba. Gavana wetu wakati ule alikuwa Gabriel Kyungu wa Kumwanza, wa chama cha UFERI kama Nguz. Katika mikutano yake Wakasai waliitwa "bilulu", wadudu. Likasi iliwaka kwanza, Agosti na Septemba 1992. Kolwezi ilifuata Machi 1993. Vijana wa chama walipita nyumba kwa nyumba, familia zikatolewa kwenye nyumba za Gécamines, watu wakaacha kazi waliyoifanya miaka 20 na zaidi, na jioni ileile familia nyingine ilikuwa inapika bukari kwenye jiko lao.

Watu walikimbilia gare na mashule. SNCZ ilikuwa na treni chache, na kila treni ilijaa mpaka juu ya mabehewa. Wengine walingoja majuma, wengine miezi, chini ya mahema ya plastiki, na watoto walikufa kwa surua na kuhara. Jumla ya waliofukuzwa katika jimbo zima ilifika mamia ya maelfu.

Kilichoandikwa na kusemwa wakati ule ni kwamba Wakasai "wanarudi kwao". Neno hilo ndilo linaloniuma mpaka leo kuliko "bilulu". Baba yangu alizaliwa Kolwezi, katika hospitali ya kampuni. Ngandajika alikuwa hajaiona hata siku moja. Hakuwa anarudi pahali. Alikuwa anahamia mji mpya, kama mtu yeyote anayehama, tofauti ni kwamba alipewa masaa badala ya miezi, na waliomchagulia mji walikuwa na mapanga.

Na mama yangu je? Mama ni Mlunda wa upande wa Kapanga. Kwa sheria ya vijana wale yeye aliweza kubaki. Sisi watoto hatukuweza, kwa sababu kwa Waluba mtoto ni wa baba, na wale vijana waliishika desturi hiyo vizuri sana siku ile. Nyumba nyingi za Kolwezi zilikuwa hivyo. Ndoa za watu wa makabila mbalimbali zilikuwa kitu cha kawaida katika kambi ya wafanyakazi, kampuni yenyewe ndiyo iliyowachanganya watu. Kulikuwa na mabwana wa Katanga walioambiwa wamfukuze bibi wa Kasai. Wengine walimfukuza. Wengine walimficha. Mwanahistoria Donatien Dibwe dia Mwembu wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi ameandika mengi juu ya familia za wafanyakazi wa Union Minière na Gécamines, na anayetaka kujua kwa undani amtafute, mimi ni mtu wa redio tu.

Usiku ule wazazi wangu walizungumza mpaka mshumaa ukaisha. Dada yangu mkubwa alikuwa anasikiliza, na ndiye aliyetueleza. Miji ilikuwa mitatu. Mwene-Ditu, kwa sababu treni inafika pale na kutoka pale ndipo unapotafuta gari ya Mbuji-Mayi au Ngandajika. Kapanga, kwa wajomba zetu, lakini baba angefika pale kama mtu wa kufichwa. Na Lubumbashi, kwa dada ya mama, kwa sababu Lubumbashi haikuchomeka jinsi Likasi na Kolwezi zilivyochomeka. Barabara ya kwenda Lubumbashi ina kilomita zipatazo 300 na inapita Likasi, na kupita Likasi na jina la baba kwenye karatasi ilikuwa kujitafutia kifo.

Mama alisema: "Baba wa watoto, mahali utakapokuwa mgeni wewe, nitakuwa mwenyeji mimi. Mahali nitakapokuwa mgeni, utakuwa mwenyeji wewe. Hakuna mji wa sisi wote wawili isipokuwa huu."

Waligawana watoto. Baba alipanda treni na kaka zangu wawili. Mama alibaki na dada na mimi kwa mjomba, akangoja mpaka mambo yapoe kidogo, kisha akatupeleka Lubumbashi. Barua zilipita mikononi mwa wafanyakazi wa reli. Baba alitufuata baada ya miaka miwili. Kaka yangu mdogo kati ya wale wawili hakurudi naye, amezikwa Mwene-Ditu. Sitaeleza zaidi, mama yangu anasoma.

Ninawajua wengine ambao hawakukutana tena. Bwana alioa kule, bibi akaolewa huku, na watoto wamekua wakiwa na baba wa kwenye picha. Si kwamba hawakupendana. Mji ulichaguliwa haraka, mmoja akawa mwenyeji na mwingine mgeni, na mgeni alichoka kusemwa na mashemeji kila chakula kinapopungua.

Na wale waliofika Kasai walipokelewaje? Mama mkwe wangu alikuwa mmoja wao. Alizaliwa Kolwezi, akashuka Mwene-Ditu mwaka 1993 akiwa na mimba. Anasema walipokelewa vizuri majuma ya kwanza, kisha wakaanza kuitwa watu wa Katanga. Kule walichekwa kwa Kiswahili chao kama huku walivyochukiwa kwa Kiluba chao. Mimba ile ndiyo bibi yangu wa leo.

Gécamines yenyewe haikupona. Mwaka 1986 ilitoa tani zipatazo 476,000 za shaba. Septemba 1990 mgodi wa Kamoto uliporomoka, mwaka uliofuata askari waliasi wakapora, na baada ya kufukuza mafundi wake mwaka 1993 kampuni ilitoa chini ya tani 50,000. Kufukuzana si sababu peke yake, ila waliofukuza walidhani kazi zitabaki. Mwaka 2003, kwa fedha za Benki ya Dunia, wafanyakazi zaidi ya 10,000, Wakatanga na Wakasai pamoja, walipewa bahasha waende nyumbani, na bahasha haikufika mbali.

Kisha kobalti ikaita tena. Mwaka 2015 Katanga iligawanywa kuwa majimbo manne, na Kolwezi ikawa makao makuu ya Lualaba. Vita vya Kamuina Nsapu vya 2016 na 2017 vikahamisha zaidi ya watu milioni moja huko Kasai, na tangu wakati ule vijana wengi wanashuka hapa kutafuta kazi, baadhi yao ni wajukuu wa wale waliopandishwa treni. Bibi yangu alikuja hivyo. Mama yake alimuuliza kwenye simu: "Katika miji yote ya Congo, hukuona mwingine?"

Sasa mgodi uko mlangoni. Mwaka 2023 Amnesty International ilitoa ripoti juu ya familia za Kolwezi zilizotolewa kwenye nyumba zao ili migodi ipanuke, na mtaa wa Cité Gécamines umo ndani yake. Nyumba yetu sisi iko mitaa michache kutoka kwenye uzio wa kampuni moja, ukuta wa chumba cha watoto una ufa unaoingiza vidole viwili, na kila baruti inapolia bibi yangu ananitazama. Hatujapigwa alama. Lakini tumeanza kuzungumza usiku, kama wazazi wangu.

Yeye hataki Mwene-Ditu, ingawa alizaliwa pale. Anasema kule mimi nitakuwa yule mkwe aliyekuja mikono mitupu. Mimi sitaki Lubumbashi, nimekaa kule utotoni nikiwa mtoto wa kuhifadhiwa kwa mama mkubwa, najua jinsi sahani inavyohesabiwa. Kwenye kadi yangu ya mpiga kura, pahali pa asili, imeandikwa Ngandajika. Nimelala Ngandajika usiku mmoja, kwa msiba.

Nilimuuliza mama maoni yake. Hakutaja mji. Aliuliza kama tumekwisha kukubaliana nani ataenda kwanza, na nikamwambia hakuna atakayeenda kwanza, tutapanda gari moja. Alinyamaza muda mrefu, kisha akauliza kama watoto wamekula.

Jumapili niliwapigia simu wale bwana na bibi wa ujumbe wa sauti. Bibi ndiye aliyepokea. Walikuwa Likasi, mji ambao si wa bwana wala wa bibi, wametumwa na rafiki wa kanisani kutazama kiwanja. Aliniambia udongo ni mwekundu na kisima kina maji. Nyuma yake nilimsikia bwana akiulizia bei ya saruji.