Kofia ya Mpanda Farasi

Wengi wetu tumepata kuona picha za mashindano ya farasi huko Uingereza, nasi tumestaajabia kofia za wapandaji: hii nyekundu, ile manjano, nyingine ya mistari. Labda twadhani ni pambo tu. Sivyo. Kofia hiyo ina historia yake, na sehemu ya historia hiyo ilinunuliwa kwa uhai wa mtu.

Hapo kale wapandaji walivaa kofia nyeusi za mahameli. Farasi walipopita kwa kasi, wamesongamana, ilikuwa shida kujua yupi ni wa nani. Basi mwaka wa 1762, katika mji wa Newmarket, chama cha Jockey Club kiliandika rangi za mabwana wenye farasi, kila bwana na yake. Duke wa Devonshire alichagua rangi ya majani makavu, na ukoo wake umeendelea kuitumia. Kwanza rangi hizo zilikuwa za koti. Baadaye kofia nazo zikashonwa kwa hariri ya rangi. Na bwana akiwa na farasi wawili katika shindano moja, makoti yao huwa sawasawa, bali kofia ndizo zinazowatofautisha.

Hivyo kofia ilimfaa mtazamaji, tena ilimpa sifa mwenye farasi. Lakini mpandaji mwenyewe ilimfaa nini? Hariri haizuii kwato.

Mwaka wa 1923 Kapteni Bennet alishinda Grand National, shindano la kuruka viunzi lenye urefu wa zaidi ya maili 4, akimpanda Sergeant Murphy, farasi wa miaka 13. Desemba ya mwaka huo huo alianguka huko Wolverhampton, akapigwa teke kichwani. Januari 1924 akafariki. Baada ya msiba huo ikaamriwa kwamba kila mpandaji wa mbio za viunzi avae chapeo ngumu, na kofia ya hariri ivalishwe juu yake.

Wahenga walisema, tahadhari kabla ya hatari. Huko hatari ilitangulia, tahadhari ikafuata nyuma. Basi tukiiona tena kofia ile ya rangi, tukumbuke kwamba ya juu ni ya bwana mwenye farasi, na ile ngumu isiyoonekana ndiyo ya mpandaji.