Saa nne ya Kangari, saa nne ya London

Katika ofisi nyingi za Kangari, mji wa chai katika Kaunti ya Murang'a, kalenda ingali ukutani: zawadi ya agroveti ya mwaka mpya, tarehe za mikutano zimezungushiwa wino. Kando yake ipo kompyuta. Katibu wa chama akisogeza mkutano kwenye simu yake, kompyuta ile nayo inabadilika, na simu ya mweka hazina pia, hata kama mwenyewe yuko shambani anachuma majani. Hakuna aliyetumwa kupeleka habari.

Kazi hii ya kulinganisha tarehe ni kongwe kuliko umeme. Kabla ya ukoloni, soko la Wagikuyu lilikuwa kila siku ya nne, na masoko jirani yalipishana siku ili yasinyang'anyane watu. Kila mama alihesabu kichwani, na hesabu yake ilipaswa kulingana na ya wenzake wa ng'ambo ya mto. Aliyepoteza hesabu alifika kwenye uwanja mtupu, mzigo mgongoni. Nakala ni nyingi, na zote lazima ziseme siku moja: huko ndiko kusawazisha kalenda.

Kompyuta zilikawia kulifikia jambo hilo. Katika miaka ya 1990 kila kampuni ilikuwa na programu yake, na kila programu iliandika tarehe kwa namna yake. Kifaa cha mkononi cha Pilot, cha Palm, kilichotoka 1996 kiliwekwa juu ya kitako chake, ukabonyeza kitufe, kikasomana na kompyuta moja: yako. Mwaka huohuo Apple, AT&T, IBM na Siemens zilitoa vCalendar, namna moja ya kuandika miadi. Mnamo Novemba 1998 Frank Dawson wa Lotus na Derik Stenerson wa Microsoft wakaipanua ikawa iCalendar. Ni faili ya maandishi ya kawaida; ukiifungua unaweza kuisoma kwa macho. Kila tukio lina kitambulisho kisichofanana na cha tukio lingine lolote, na namba inayopanda kila linapobadilishwa kwa jambo la maana, mfano siku yake. Kwangu viwili hivyo ndivyo moyo wa jambo lote, kwa sababu ndivyo vinavyoiwezesha mashine kujua kwamba huu ni mkutano uleule wa jana, umesogezwa tu.

Kilichofuata kilikwenda mbio. Mwaka 2002 Apple ilitoa iCal, na mtu akaweza kujiandikisha kupokea kalenda ya mwingine kupitia intaneti. Google Calendar ikafunguliwa Aprili 2006. Lakini kwa njia hiyo ya kujiandikisha programu ya mezani ilikuwa ikiichota tu ile faili tena na tena. Uliisoma, hukuweza kuiandikia. Machi 2007 kikatoka kiwango cha CalDAV, na mlango ukafunguka pande zote mbili. Unapotuma badiliko, unaonyesha alama ya nakala uliyoiona mwisho. Kama mwenzako amekutangulia kulibadilisha tukio hilo, seva inakataa hadi usome alichoandika. Huku kwetu wengi waliyasubiri hayo yote hadi nyaya za intaneti za baharini, TEAMS na SEACOM, zilipofika Mombasa 2009.

Likabaki suala la saa. Sisi tunasema saa nne asubuhi, mashine inaandika 10:00, na kila mtu Kangari hutafsiri bila kufikiri. Kazi ni kwa jamaa aliye London. Uingereza husogeza saa mbele Jumapili ya mwisho ya Machi, Kenya haisogezi. Kwa hiyo tukio hubeba jina la saa za eneo, Africa/Nairobi, kutoka katika orodha iliyoanzishwa na Arthur David Olson miaka ya 1980. Ukiifungua orodha hiyo unakuta historia yetu: Kenya saa mbili na nusu mbele ya Greenwich, mwaka 1928 saa tatu, 1930 kurudi mbili na nusu, mwisho wa 1936 kuongezwa robo saa, na kuanzia Agosti 1942 saa tatu hadi leo. Amri za serikali ya kikoloni zimo ndani ya simu ya mweka hazina.

Basi chama kikipanga kukutana kila Jumamosi ya kwanza saa nne asubuhi, Kangari ni saa nne mwaka mzima. Mwanachama wa London huamka saa moja wakati wa baridi, saa mbili wakati wa kiangazi, na simu yake humwambia mapema. Katibu naye, akishabonyeza, hunyanyuka na kalamu kwenda ukutani kuizungushia tarehe ileile.