Tarehe ya Jembe na Mkuki Rungwe

Wazee wa Unyakyusa, eneo la Rungwe kusini-magharibi mwa Tanzania, husimulia kwamba watawala wao walishuka kutoka Ukinga, ng'ambo ya safu ya milima ya Livingstone, wakawakuta wenyeji wasiojua moto. Wageni hao walileta moto, ng'ombe na chuma, nao wakapewa utawala. Wanaanthropolojia Monica Wilson na mumewe Godfrey, waliofanya utafiti Unyakyusa kati ya 1934 na 1938, waliyasikia masimulizi hayo na kuyaandika. Mtu anaweza kuyapima kwa mizani ya historia apendavyo, lakini jambo moja li wazi: masimulizi hayo yanakiweka chuma karibu na kiti cha enzi.

Ardhi yenyewe inaeleza kwa nini. Rungwe ni nchi ya volkano: udongo mweusi, mvua nyingi, migomba, maharage na malisho. Chakula hakikuwa shida. Shida ilikuwa chuma. Kule juu Ukinga mambo yalikuwa kinyume. Baridi ni kali na mashamba yamening'inia kwenye miteremko, ila watu walijua kuyeyusha mawe ya chuma na kuyafua. Basi Wakinga walishuka na majembe na mikuki, wakarudi juu na chakula na mifugo. Biashara hiyo iliandamana na ibada. Makuhani wa Kikinga walifika Lubaga, kwenye msitu mtakatifu wa mtawala-kuhani Lwembe, wakiwa wamebeba majembe kama sadaka. Jembe lilikuwa zana, lilikuwa mali, na lilikuwa zawadi ya kumfikia mzimu.

Kazi iliyolizaa jembe hilo haikuwa ya mtu mmoja. Kwanza mti ukatwe, uchomwe mkaa. Mawe ya chuma yakusanywe, yapangwe na mkaa ndani ya tanuru la udongo, kisha viriba vivukutwe bila kupumzika ili hewa ipite kwenye mirija ya udongo na kuuchochea moto. Mavi ya chuma yakishatengana, hubaki bonge lenye matundu, lisilofaa kwa lolote mpaka lipigwe na kupigwa tena. Hapo ndipo ufundi unapoanza kuonekana kwa macho. Mhunzi husoma rangi ya chuma: kikiwa chekundu cha giza hakijawa tayari, kikielekea manjano kinanyooka chini ya nyundo, kikiachwa zaidi ya hapo kinaungua. Mkuki mzuri una mgongo ulionyooka katikati ya bapa, na makali yanayopungua sawasawa pande zote mbili. Mgongo ule si pambo tu, kwa sababu ndio unaoizuia ncha isipinde. Uzuri na kazi vimefuliwa pamoja, na ndiyo maana mkuki wa aina hiyo unatazamika hata leo, wakati hakuna anayeuhitaji vitani.

Karne ya 19 ilipokaribia mwisho, bidhaa za viwanda vya Ulaya zilikuwa zimefika kaskazini mwa Ziwa Nyasa. Kampuni ya African Lakes, iliyoanzishwa 1878, ilikuwa na kituo Karonga. Wamoravian walifungua misheni yao Rungwe mwaka 1891. Wajerumani wakajenga boma lao Langenburg kando ya ziwa, kisha wakalihamishia juu, mahali ambapo leo ni Tukuyu, wakaliita Neu-Langenburg. Kodi ikataka fedha taslimu, na vijana wakafuata ujira, baadaye hata kwenye machimbo ya dhahabu ya Lupa. Tanuru linahitaji mikono mingi na siku nyingi. Jembe la dukani lilihitaji sarafu tu. Katika nusu ya kwanza ya karne ya 20 matanuru ya Nyanda za Juu Kusini yalizimika moja baada ya jingine.

Kilichozimika ni kuyeyusha, si kufua. Gari lilipofika, lilileta chuma lenyewe. Spring ya lori iliyokatika ni chuma kigumu, chenye kushika makali, na mhunzi aliyeachana na mawe ya chuma aliipokea mara moja. Kiriba cha ngozi kimebadilishwa na feni inayozungushwa kwa rimu ya baiskeli, na fuawe mara nyingi ni kipande cha reli. Zao la karakana ni nyengo, panga, shoka, na jembe lililopigwa mdomo upya. Mkulima wa migomba huweza kusema anataka mpini uingie wapi na bapa lipinde kiasi gani, akasubiri, akaondoka na chombo chake. Hilo kiwanda cha mbali hakiliwezi.

Ng'ambo ya milima ile ile ya Livingstone, huko Liganga wilayani Ludewa, kuna hazina kubwa ya mawe ya chuma ambayo imezungumzwa kwa miongo kadhaa. Ikichimbwa kesho, wataalamu wataajiriwa na vyuo vitafungua kozi. Ni vizuri. Lakini ujuzi wa kusoma rangi ya chuma umekuwepo nyanda hizi kabla ya boma la kwanza kujengwa, na waliobaki nao wanafanyia kazi chini ya mabati yanayovuja. Shirika la SIDO lipo tangu 1973 kwa ajili ya viwanda vidogo kama karakana hizi. Halmashauri na vyuo vya ufundi vipo. Vimwite mhunzi aje afundishe, na alipwe kama mwalimu.

Nawe msomaji, nyengo yako ikibutuka, ipeleke kwa mfua chuma kabla ya kununua mpya.